Urais na ukingo wa Ruvuma: tuchague sharti gani la uraia wa kuzaliwa?

Ibara ya 39 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inamtaka mgombea urais awe ametimiza miaka 40, awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho, awe na sifa za kuwa mbunge, na asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Hayo mtu anaweza kuyatimiza akikusudia. Umri utafika, chama atajiunga, kodi atalipa. Sharti la kwanza kabisa ndilo lisilotafutwa: awe raia wa kuzaliwa wa Jamhuri ya Muungano kwa mujibu wa Sheria ya Uraia. Hilo huamuliwa siku mtoto anapotoka tumboni, na hakuna juhudi itakayolibadilisha baadaye.

Kwa mtu wa Singida huenda hili ni somo la darasani tu. Kwetu sisi watu wa Kusini linagusa nyumba. Kuanzia Mahurunga na Kitaya hadi Mtambaswala kule Nanyumbu, mpaka wetu na Msumbiji ni mto Ruvuma, na pande zote mbili wamo Wamakonde, Wamakua na Wayao walewale. Watu wanalima ng'ambo, wanavua ng'ambo, wanaoa na kuolewa ng'ambo, wanakwenda misibani ng'ambo. Mama mjamzito wa Tandahimba aliyevuka kwenda kumzika mjomba wake upande wa Palma, Msumbiji, anaweza kushikwa na uchungu hukohuko na kujifungua hukohuko. Yeye ni raia, mumewe ni raia, na baada ya siku chache amerudi na mtoto mgongoni. Mtoto atakulia kwenye mikorosho ya babu yake, atasoma shule ya kata, atapiga kura akifika miaka 18. Ila urais wa Tanzania umeshampita.

Mchakato wa Katiba mpya ulisimama njiani. Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014, kisha kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Siku tutakapoitwa tena kutoa maoni, watu wa Kusini tusiende mikono mitupu kwenye jambo hili. Ndiyo maana nimeziweka sheria za nchi kadhaa pamoja na yetu, nikazipima kwa mtoto huyohuyo wa Palma, ili kila mmoja aone angechagua ipi.

Sheria yetu ilivyo

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, inatambua raia wa aina tatu. Raia wa kuzaliwa ni aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964. Ukisoma maandishi yenyewe, sheria inataja mahali, ikiwatoa watoto wa wanadiplomasia wa kigeni na wa adui wakati wa vita. Katika utendaji Uhamiaji huangalia pia kama angalau mzazi mmoja ni raia. Raia wa kurithi ni aliyezaliwa nje ya nchi huku baba au mama yake ni raia. Wa tatu ni wa tajnisi, yaani mgeni aliyeomba akakubaliwa.

Mtoto wetu wa Palma ni raia wa kurithi. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mzazi anayerithisha uraia huu lazima mwenyewe asiwe raia wa kurithi. Maana yake, binti aliyezaliwa Palma, akija kuolewa na Mmsumbiji na kujifungua ng'ambo kama mama yake alivyojifungua, mtoto wake hatakuwa Mtanzania kwa kurithi. Mnyororo unakatika kizazi cha pili.

Kwenye ubunge mtoto huyu hazuiwi. Kwa upande wa uraia, ibara ya 67 inataka mbunge awe raia tu aliyetimiza miaka 21, hata wa tajnisi anaweza. Anaweza kuwa mbunge wa Newala, anaweza kuwa waziri, na kwa kuwa Waziri Mkuu hutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo, hata kiti hicho kisheria kiko wazi kwake. Kinachofungwa ni urais na umakamu wa Rais. Umakamu umefungwa kwa sababu inayoeleweka: Makamu ndiye anayeshika nchi Rais akifariki, kama tulivyoona Machi 2021, John Magufuli alipofariki tarehe 17 na Samia Suluhu Hassan akaapishwa tarehe 19.

Mtu atauliza: mbona Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Novemba 1938, wakati hakukuwa na Tanzania wala raia wake? Jibu liko kwenye sheria za uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, akawa raia papo hapo bila kuomba. Kwa Mkapa hilo halikuwa na shida. Lakini tuwakumbuke pia vibarua waliovuka Ruvuma kuja kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani enzi za Mwingereza. Mtoto wao aliyezaliwa huku kabla ya uhuru, baba na mama wote wakiwa wazaliwa wa ng'ambo, hakuingia moja kwa moja. Alitakiwa kujiandikisha. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya nchi hii, mzazi alihesabika. Wanaosema kwamba desturi yetu ni kuangalia ardhi peke yake hawajaisoma historia yote.

Na ardhi yenyewe haikukaa mahali pamoja. Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani mpaka Wareno walipoiteka mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Ndugu wawili wa tumbo moja waliozaliwa katika kijiji kimoja cha Kionga, mmoja mwaka 1910 na mwingine 1920, walizaliwa chini ya dola mbili tofauti bila mama yao kuhama hata nyumba.

Ng'ambo ya mto

Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inamtaka mgombea urais awe na uraia wa asili na asiwe na uraia mwingine wowote, awe na miaka 35 au zaidi, na apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 10,000. Ukisikia "uraia wa asili" unadhani ni sawa na "raia wa kuzaliwa" wa kwetu. Sivyo. Wao wameuweka juu ya ardhi na damu kwa pamoja.

Aliyezaliwa Msumbiji baada ya uhuru wa 25 Juni 1975 ni Mmsumbiji wa asili, isipokuwa wazazi wake wageni walikuwa huko kwa utumishi wa serikali yao. Na aliyezaliwa nje ya Msumbiji, baba au mama yake akiwa Mmsumbiji, naye ni wa asili, mradi atangaze mwenyewe akiwa mtu mzima au wazazi wamtangazie akiwa mdogo kwamba anautaka uraia huo.

Sasa mrudie mtoto wetu. Baba wa Tandahimba, mama wa Tandahimba, kazaliwa Palma kwa bahati ya safari ya msiba. Kwa sheria ya Msumbiji anaweza kuhesabiwa Mmsumbiji wa asili, kwa kuwa wazazi wake walikwenda kuzika, hawakwenda kwa kazi ya Serikali ya Tanzania. Kwa sheria yetu ni raia wa kurithi. Akiamua kuukana uraia wa Tanzania na kubaki na wa Msumbiji, siku moja anaweza kuomba urais Maputo. Akibaki Mtanzania, nchi ya baba na mama yake, Dodoma haimpokei kwa nafasi hiyo. Kuchagua itambidi, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Mimi hapa ndipo ninaposema sheria yetu imekosea shabaha. Inamfungia mtu ambaye hana nchi nyingine moyoni, na inamwachia jirani ampokee.

Kwa nini wenzetu waliandika hivyo? Mimi naona jibu liko huku kwetu. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, vita ya ukombozi ikaanza 25 Septemba 1964, na kwa miaka kumi wapiganaji na wakimbizi walikuwa wakiishi upande wetu: kambi ya mafunzo Nachingwea, makazi ya wakimbizi Rutamba, shule Tunduru. Watoto wengi walizaliwa huku. Filipe Nyusi, Mmakonde wa Namau, Mueda, aliyezaliwa 1959, aliletwa Tanzania akiwa mtoto na kusoma shule ya Frelimo Tunduru, kisha akawa Rais wa Msumbiji kuanzia 2015 hadi 2025. Yeye alizaliwa kwao. Ila wadogo zake wa rika waliozaliwa Nachingwea, ambao mama zao walikuwa wakibeba silaha, nani angethubutu kuwaambia kwamba si Wamsumbiji kamili? Taifa lililozalia uhamishoni halikuweza kuweka kitanda cha kujifungulia kuwa kipimo cha uzalendo.

Tangu Oktoba 2017, mashambulizi ya waasi yalipoanza Mocímboa da Praia, na hasa baada ya Palma kuvamiwa Machi 2021, watu wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, wamevuka tena kuja upande wetu. Kitaya nayo ilishambuliwa Oktoba 2020. Wapo wanawake waliojifungua katika kukimbia huko, wengine raia wetu walioolewa ng'ambo, wengine raia wa Msumbiji. Vita haichagui ukingo.

Kenya, na Wamakonde wa Kwale

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inataka Rais awe raia wa kuzaliwa. Maneno ni yaleyale ya kwetu. Ila ibara ya 14 inaeleza raia wa kuzaliwa ni nani, na hapo ndipo njia zinapoachana: ni yule ambaye siku ya kuzaliwa kwake baba au mama ni raia wa Kenya, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje. Mtoto aliyezaliwa Palma na mama Mkenya ni raia wa kuzaliwa wa Kenya, bila kupungukiwa kitu. Hata mtoto anayeokotwa nchini, asiyejulikana wazazi wala uraia wake, akionekana hajafika miaka minane, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa.

Mgombea urais wa Kenya lazima pia aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47, na Katiba inawakataza maofisa wakuu wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo wamelegeza mahali pa kuzaliwa, wakakaza utiifu na kukubalika. Huo ndio mpangilio ninaoupenda.

Kuna habari ya Kenya inayotuhusu moja kwa moja. Wazee wa Kimakonde walivuka kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya, wakabaki Kwale. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa huko, wakazeeka bila kitambulisho, kwa sababu Kenya haitoi uraia kwa ardhi pekee. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Hapo upande wa pili wa sheria ya damu unaonekana wazi, na ni lazima tuukubali kabla ya kuichagua. Sheria ya mzazi inamtendea vyema mtoto wa raia popote alipo, ila inaweza kumwacha nje mtu aliyezaliwa nchini na kukaa humo maisha yake yote, kwa kosa la babu yake kuwa mgeni. Wamakonde wale wa Kwale ni raia kwa kuandikishwa, hivyo wenyewe hawawezi kugombea urais. Lakini mtoto anayezaliwa leo na mama aliyeandikishwa ana mzazi raia siku ya kuzaliwa, basi naye ni raia wa kuzaliwa na Ikulu ya Nairobi iko wazi kwake. Kizazi kimoja kimesubiri, kinachofuata hakisubiri.

Uganda nayo inataka raia wa kuzaliwa, kisha inachanganya na orodha ya makabila yaliyokuwa nchini tarehe 1 Februari 1926. Aliyezaliwa Uganda anapata kama mzazi au babu wake mmoja ni wa kabila lililomo kwenye orodha; anapata pia, hata akizaliwa nje, ambaye mzazi au babu yake mmoja ni raia wa kuzaliwa. Njia hiyo mimi nisingeigusa. Orodha ya makabila Tanzania ingeanza ugomvi ambao nchi hii imejitahidi kuuepuka tangu uhuru, na Mmakonde wa kwanza kuulizwa babu yake alivuka lini angekuwa wa Mtwara.

Wanapodai wazazi wote wawili

Kila mjadala wa Katiba, atatokea mtu kusema tukaze zaidi: Rais awe na baba na mama raia wote wawili. Maneno hayo huvutia ukumbini. Tumwulize yalifanya nini kwingine.

Zambia ilibadilisha Katiba mwaka 1996, ikataka wazazi wote wawili wa mgombea wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kurithi. Aliyenaswa ni Kenneth Kaunda, aliyezaliwa Lubwa, Chinsali, mwaka 1924, ndani ya nchi hiyo, akaiongoza kutoka uhuru wa 1964 hadi 1991. Wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Baba wa taifa akaambiwa hafai kugombea katika taifa alilolizaa, na mwaka 1999 mahakama ikafika mbali zaidi na kutamka kwamba hana uraia wa nchi yoyote. Oktoba 2014 Rais Michael Sata alipofariki, Makamu wake Guy Scott, mzaliwa wa Livingstone, alikaimu urais mpaka Januari 2015, huku sharti hilohilo la wazazi likionekana kumzuia kugombea, maana wazazi wake walitoka Uingereza. Katiba ilivyorekebishwa mwaka 2016 sharti hilo likaondolewa. Sasa Zambia inataka raia wa kuzaliwa au wa kurithi, awe na makazi ya kawaida nchini, na asiwe na uraia wa nchi mbili. Malawi nayo inakubali raia wa kuzaliwa au wa kurithi.

Côte d'Ivoire ililipa gharama kubwa zaidi. Katiba ya mwaka 2000 ilimtaka Rais awe mtoto wa baba na mama wote wenye asili ya nchi hiyo, na Alassane Ouattara akazuiwa kugombea mwaka huohuo kwa hoja ya uraia. Watu wa kaskazini, wengi wao wakiwa na ndugu ng'ambo ya mipaka ya Burkina Faso na Mali, walijiona wote wameambiwa si wenyeji. Mwaka 2002 vita ikaanza. Vita ilikuwa na sababu nyingi, lakini swali la nani ni raia kamili lilikuwa katikati yake. Katiba ya 2016 ikashusha sharti kuwa baba au mama.

Watu wa kaskazini ya Côte d'Ivoire ndio sisi wa Ruvuma. Sharti la wazazi wawili likiingia kwenye Katiba yetu, kila nyumba ya Newala, Nanyumbu na Masasi yenye mama kutoka ng'ambo itakuwa na watoto wa daraja la pili. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu yake. Kumwambia kijana wa huku kwamba damu ya mama yake imemharibia sifa ni kumtukana mara mbili.

Marekani, na wasiouliza kabisa

Sheria ya Marekani ndiyo inayotajwa sana mitandaoni, nami nitaigusa kwa kifupi. Katiba yao iliyoandikwa 1787 inataka Rais awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 35, na awe ameishi nchini miaka 14. Hofu yao ilikuwa wakuu wa Ulaya kujipenyeza kwenye jeshi la taifa changa. John Jay alimwandikia George Washington juu ya jambo hilo Julai mwaka huo. Katiba haikueleza "raia wa kuzaliwa" maana yake nini, na ubishi haujaisha hadi leo. John McCain alizaliwa 1936 eneo la mfereji wa Panama, Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1970, wote wakagombea wakiulizwa maswali. Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, aliishia ugavana wa California. La kuchukua kutoka kwao ni ile miaka 14 ya kuishi nchini, ambayo watu wengi huisahau.

Upande wa pili kabisa wapo wasiouliza mtu alizaliwaje. Afrika Kusini, Rais huchaguliwa na Bunge kutoka miongoni mwa wabunge, na raia wa tajnisi hazuiwi. Ufaransa vilevile: Manuel Valls, mzaliwa wa Barcelona aliyepata uraia mwaka 1982, alikuwa Waziri Mkuu na akaomba tiketi ya chama chake kugombea urais mwaka 2017.

Watoto wanne, sheria nne

| Mtoto | Tanzania leo | Njia ya Kenya | Wazazi wote wawili (Zambia 1996) | Njia ya Afrika Kusini |
|---|---|---|---|---|
| Kazaliwa Ligula, wazazi wote raia | Anaweza | Anaweza | Anaweza | Anaweza |
| Kazaliwa Palma, wazazi wote raia | Hawezi | Anaweza | Anaweza | Anaweza |
| Kazaliwa Ndanda, mzazi mmoja raia, mwingine Mmsumbiji | Anaweza | Anaweza | Hawezi | Anaweza |
| Mgeni aliyepata tajnisi ukubwani | Hawezi | Hawezi | Hawezi, wazazi wake wakiwa wageni | Anaweza |

Mstari wa pili na wa tatu ndio wetu. Watu wa mikoa ya katikati wataangalia wa kwanza na wa nne, waseme sheria ya leo haina tatizo. Ni haki yao, lakini wa kuwaeleza kuhusu hiyo mistari ya katikati ni sisi.

Ninachokichagua mimi

Nachagua njia ya Kenya, nikiongezea sharti la makazi. Kwa maneno ya kawaida: mgombea urais awe raia wa Tanzania tangu siku aliyozaliwa kwa kuwa baba au mama yake ni raia, popote alipozaliwa, asiwe na uraia wa nchi nyingine, na awe ameishi nchini miaka kadhaa kabla ya uchaguzi, tuseme kumi au kumi na minne. Anayeona njia ya Kenya ni mabadiliko makubwa mno anaweza kudai la Malawi na Zambia, "kuzaliwa au kurithi". Hilo ni kuongeza maneno machache tu kwenye ibara ya 39, na mtoto wa Palma anaingia.

Kuna hoja mbili za kupinga ninazoziheshimu. Ya kwanza ni kwamba mahali pa kuzaliwa ni rahisi kuthibitisha, wakati uraia wa mzazi unaweza kubishaniwa miaka hamsini baadaye. Ni kweli. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba mwanahabari mashuhuri Jenerali Ulimwengu si raia, na baadaye akapewa uraia wa tajnisi. Lakini tazama vizuri: yeye ni mzaliwa wa Ngara, ndani ya nchi, na ubishi ulihusu wazazi wake. Kwa hiyo hata leo, chini ya sheria tunayodhani ni ya mahali, anayetaka kumng'oa mtu huenda kwa wazazi. Urahisi huo tunaoulinda hatunao.

Ya pili ni hofu ya mtu aliyekulia ughaibuni, asiyejua bei ya salfa, dawa ya mikorosho, wala shida ya maji ya Makonde, kuja kuomba nchi kwa sababu tu mama yake ni Mtanzania. Hofu hiyo inajibiwa na sharti la makazi, ambalo Katiba yetu ya leo haina. Kwa sharti la sasa, aliyezaliwa Mtwara akaondoka na wiki mbili, akakulia ughaibuni bila kuukana uraia wake, ana sifa ya uraia wa kuzaliwa. Wa Palma aliyekaa Tandahimba miaka 40 hana. Nikiulizwa yupi kati ya hao wawili anaifahamu nchi, sihitaji kufikiri.

Njia ya Afrika Kusini siipingi kwa chuki. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa tajnisi zaidi ya wakimbizi 162,000 wa Burundi waliokuja 1972, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya, nami najivunia. Watoto wao wanaozaliwa nchini baada ya hapo wanazaliwa na wazazi raia. Kwa kiti kimoja tu katika nchi, naona kizazi kimoja kusubiri kinavumilika. Mwenye mawazo mengine aje nayo ukumbini.

Wakati sheria haijabadilika

Mzazi wa leo asisubiri Katiba mpya. Kama mnaishi karibu na mto na mimba imekaribia, na safari ya ng'ambo inaweza kuahirishwa, iahirisheni, mama ajifungulie upande huu. Uchungu ukimshika ng'ambo, aende kituo cha afya kilicho karibu. Hakuna urais unaozidi uhai wa mama na mtoto, na kumvusha mto mwanamke aliye katika uchungu ili kuwahi ardhi ni jambo la hatari.

Mtoto akizaliwa huku, chukueni cheti cha kuzaliwa mapema. RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, ina mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kupitia vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, na cheti hicho cha kwanza hakilipiwi. Kadi ya kliniki itunzwe pamoja nacho, maana ndiyo inayoonyesha alizaliwa kituo gani na mama ni nani. Akizaliwa ng'ambo, pateni hati ya kuzaliwa ya huko kabla ya kurudi, kisha muipeleke Uhamiaji Mtwara au Lindi pamoja na vyeti na vitambulisho vya NIDA vya baba na mama, uraia wake wa kurithi uandikwe angali mdogo. Akifika miaka 18, kama ana uraia wa nchi mbili, atatakiwa kuukana mmoja. Mwambieni mapema, tena mwambieni nyote wawili, baba na mama, pamoja na mjomba wake.